Shuka za Chiriku

Tarehe 2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haiko hapa, iko huko kwako. Wiki hii nimekupigia simu mpaka nimechoka. Inaita weee, inakata. Ukipokea unasema "haloo, haloo, mtandao mbaya," halafu kimya. Mama, mbona fundi viatu hapo jirani nikimpigia namsikia vizuri? Basi naandika, nampa dereva wa basi akuletee kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Ni habari ya Chiriku. Msimu wa maua ndio huu unaanza. Mwaka jana nilikuwepo mwenyewe na nusura nirukwe na akili. Macho yalimvimba hata ubao wa darasani hauoni, pua inachuruzika, na usiku kifua kinapiga filimbi. Baba yake alikuwa na kifua hicho hicho, na wewe ndiye uliyenishika mkono siku tulipomzika. Mama, silali. Nikifumba macho namwona mwanangu anatafuta pumzi, na mimi niko huku nawafulia shuka wageni wa hoteli nisiowajua hata sura.

Sasa nakuomba, na usione nakufundisha kulea, maana umenilea mimi. Zulia la chumbani litoke. Zile pazia nzito zitoke pia, weka nyepesi zinazofulika. Usifagie kavu. Piga deki, na vumbi la kabatini ulifute kwa kitambaa kibichi. Yule dubu wake wa manyoya ama afuliwe ama aondoke kitandani. Shuka na foronya zibadilishwe mara kwa mara, zifuliwe kwa maji ya moto, na uzianike nje juani kutwa nzima. Hapo ndipo watu wanapokosea, Mama. Wanaanika ndani, nguo inakauka na uchafu wake. Mimi ni dobi, kama kuna kitu nakijua hapa duniani basi ni hicho. Shuka ambayo haijapigwa na jua, kwangu mimi bado haijafuliwa.

Dada ameniambia yuko tayari kumchukua Chiriku akae kwake mpaka mkataba wangu uishe. Kwake hakuna miti, ni maghorofa na lami. Nimemwambia asubiri. Lakini nikisikia tu kifua kimeanza, nitamwambia aje amchukue. Usinikasirikie, tafadhali.

Mwanao

*

Tarehe 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani imetoka kwa bwana afya. Zulia litoke, pazia zitoke, dubu atoke! Ulichosahau kuandika ni bibi naye atoke.

Haya, nimetii. Zulia nilipolikunja lilitoa vumbi la tangu enzi za marehemu babu yako, nikapiga chafya mimi mwenyewe nisiye na aleji ya kitu chochote. Amelichukua fundi viatu, amefurahi kama mtu aliyeoa. Pazia nimeshona mpya kwa shuka kuukuu. Dubu ndiye alinipa kazi. Nilimfua, nikambana kambani kwa miguu, kichwa chini, na huyu mke mwenzangu akakaa chini yake analia kana kwamba tuna msiba. Jirani mmoja akasimama kutupa pole.

Shuka nafua kwa maji ya moto, na kamba nimeihamisha. Sasa inatoka kwenye nguzo ya baraza hadi kwenye mti wa barabarani, maana pale jua linapiga tangu asubuhi mpaka saa za kutoka shule. Miti yenyewe imechanua yote mtaa mzima. Ukiamka unakuta baraza ina unga wa manjano kama mtu amemwaga bizari, nami nashika fagio kisha nakumbuka amri zako, nalitupa, natafuta ndoo.

Simu yangu inakwaruza, tuiache hivyo. Barua ni nzuri, haina haraka.

Sasa hilo la dada yako. Mtoto huyu ndiye anayenifanya niamke asubuhi nivae nguo ya maana. Anaongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, ndiyo maana tukamwita Chiriku, na nyumba hii bila yeye ni kuta nne tu na mimi katikati. Nakuambia bila kuzunguka: mkimchukua nitaugua. Mtoto mzima. Anakula, anacheza, ananiita mchawi nikimkatalia sukari. Tulia.

Mama yako

*

Tarehe 10 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwalimu ametuambia kila mtu amwandikie mtu aliye mbali. Wengine walikuwa hawana mtu aliye mbali wakalia. Mimi sikulia kwa sababu nina wewe.

Sisi hatujambo. Bibi ananifulia shuka kila mara na zinanukia vizuri. Nikilala tu napiga chafya mpaka nachoka kuhesabu. Asubuhi macho yanawasha sana halafu nikiwa shuleni yanaacha. Rafiki yangu anasema labda naogopa kitanda. Mimi siogopi kitanda.

Mimi na Bibi tuna mchezo. Nikitaka kitu siruhusiwi kumwita, lazima nimvute nguo. Bibi anasema kuita-ita watu ni tabia ya sokoni. Redio yetu ndiyo yenye sauti kubwa kuliko zote mtaani, mtaa mzima unasikiliza taarifa ya habari kwetu.

Dubu amepungua baada ya kufuliwa. Utarudi lini?

Mimi Chiriku

*

Tarehe 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako na ya Chiriku zimefika pamoja, na haziimbi wimbo mmoja. Wewe unasema mtoto mzima. Mtoto anasema anapiga chafya mpaka anachoka na macho yanamwasha kila asubuhi. Nimwamini nani?

Roho iko juu juu tangu jana. Msimamizi ameniuliza mara mbili naumwa nini, maana napanga mataulo kwenye rafu ya shuka. Mama, ni kitanda! Si umeona mwenyewe? Akiwa kitandani anaumwa, akiwa shuleni anapona. Basi kuna kitu kimebaki kwenye kitanda hicho. Badilisha shuka kila siku, usingoje. Godoro nalo litoe nje juani kila asubuhi, uligeuze. Mito vilevile. Na madirisha ya chumbani yafunguliwe mapema, hewa ya asubuhi iingie ifukuze vumbi. Najua nakuchosha. Najua miaka yako. Ningekuwa na mabawa ningeruka nije kufua mwenyewe.

Na unijibu hili moja: usiku kifua kinapiga filimbi? Huwezi kukosa kuisikia, ni kama birika linapokaribia kuchemka. Mwaka jana mimi nilikuwa naisikia nikiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Nijibu ndiyo au hapana.

Mwanao

*

Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Filimbi sijaisikia.

Shuka nafua kila siku. Godoro natoa, nageuza, narudisha, na mgongo unanipigia kelele. Mikono imebabuka na maji ya moto, sasa ukoo una madobi wawili. Madirisha yanafunguliwa hata kuku hawajaamka. Kama kuna amri nyingine ilete, lakini usinihoji kama askari na mwizi. Nimelea watoto wangu wote na wote wanapumua.

Mama yako

*

Tarehe 26 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa hasira, utanisamehe mwandiko.

Fundi viatu amenipigia simu. Hakuwa na umbea, masikini, alidhani najua. Alisema, "Nimesema nikusalimie, na nikuulize mtoto anaendeleaje tangu tulipompeleka zahanati." Nilikuwa na pasi mkononi. Nimeunguza foronya ya watu, na sijali.

Zahanati, Mama! Jumanne alfajiri! Mwanangu amebebwa kwenye pikipiki anatafuta pumzi, na mimi hapa nimekaa na barua yako inayosema filimbi hukuisikia. Nilimuuliza fundi, ikawaje Mama asisikie? Akaanza habari za viatu. Nikamlazimisha. Akasema, "Dada, mama yako siku hizi ukimsalimia lazima umzunguke akuone uso. Ukiwa nyuma yake hata ukipiga ngoma ni bure."

Kwa hiyo si mtandao. Kwa hiyo mchezo wa kuvuta nguo si mchezo, na redio ya mtaa mzima si redio. Mtoto aliniandikia yote haya kwa mkono wake, na mimi nikasoma chafya tu.

Kwa nini, Mama? Mimi nimekuachia mtoto mwenye kifua, na wewe unajua kwamba usiku akiniita mimi sipo, na akikuita wewe husikii. Angeita nani? Nakupenda na nimekasirika, vyote viwili kwa pamoja.

Dada anakuja Jumamosi ya tarehe nne. Atalala hapo, Jumapili ataondoka na Chiriku. Mfungie nguo zake. Na dada nimemwandikia maagizo yote ya kufua na kuanika, ili huko asipate tabu tena.

Mwanao

*

Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Umenigombeza na una haki. Nimekaa nimezipokea zote. Sasa na wewe kaa unisikilize, maana hili ni refu, na nitasema kama lilivyo.

Masikio yangu yameliwa na kiwanda cha nguo. Unakumbuka nikirudi kazini nilikuwa naongea kwa kupayuka na nyinyi mnaziba masikio mnacheka? Zile mashine za kufuma zilikuwa hazinyamazi, wenzangu wote tulikuwa tunasomana midomo. Nilitoka pale na sikio moja bovu na moja zima. Hilo zima limeniaga mwaka huu, baada ya wewe kuondoka. Siku moja nilidhani redio imekufa, nikaifungua zaidi, na zaidi, mpaka fundi akaingia ameshika kichwa. Hapo nikajua. Sikusema kwa sababu nilijua mtakalosema: mtoto atoke. Niliogopa. Mtu mzima kama mimi, niliogopa kama mtoto aliyevunja sahani.

Lakini usidhani nilikuwa nakoroma tu na mjukuu wangu anakata roho. Kule kiwandani mashine ikitaka kuharibika hukuisikia, ungeisikiaje, kelele zote zilikuwa moja. Uliweka kiganja. Chuma kinapotetemeka vizuri kiganja kinajua, na kikitetemeka vibaya kiganja kinajua, hata hujaona uzi umekatika. Mimi tangu msimu huu uanze nalala kitanda kimoja na Chiriku, na kiganja changu kiko kifuani kwake. Jumanne ile nilihisi kitu kinakwaruza humo ndani, kidogo tu. Nikamwinua hata yeye hajaamka, nikatoka mbio kumgongea fundi. Nesi alinisogezea uso wake nimsome midomo, akasema, "Bibi, mmewahi." Wakampa dawa ya kuvuta puani na mdomoni, wakatupa na inhela ya kurudi nayo nyumbani, na wakanifundisha kuitumia.

Halafu nesi akaanza kuniuliza maswali, na mimi nikamjibu kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Zulia? Limetoka. Pazia? Nyepesi. Vumbi? Kitambaa kibichi. Shuka? Kila siku, maji ya moto. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Na mnaanika wapi?" Nikamwambia nje juani, kwenye kamba iliyofungwa mtini, kutwa nzima. Nilisema kifua mbele, mwanangu. Yule binti akaniangalia, akashusha kalamu.

Akasema kinachomsumbua mtoto si vumbi la zulia tu. Ni ule unga wa maua, chavua, huo wa manjano ninaoupigia deki kila siku. Asubuhi ndiyo unaruka zaidi, na kitambaa kibichi kinaunasa kuliko kitu kingine chochote. Akasema, "Bibi, unauokota unga wa mtaa mzima, kisha usiku unamfunika nao." Na godoro vivyo hivyo. Na madirisha ya asubuhi vivyo hivyo.

Neno hilo nimekaa nalo tangu Jumanne. Nilitaka kulimeza. Nilisema, bora aniite mimi mzembe na kiziwi kuliko ajue kwamba ni yale aliyoyaagiza kwa upendo. Hata jana nilikuwa bado nameza. Lakini leo nimesoma kwamba dada yako umempa maagizo yale yale. Ataanika kwenye roshani yake kule ghorofani, na upepo hauulizi ghorofa ya ngapi. Kwa hiyo nakuambia. Usijipige kifua, tafadhali. Ulisema unachokijua kwa kazi yako, na miezi mingine yote ya mwaka ni kweli kabisa. Mimi nilikuwa nauona huo unga kwa macho yangu na nikaanika. Tulikuwa wawili.

Sasa sikia tunavyofanya, umwandikie dada yako upya. Shuka zinaanikwa jikoni, kwenye kamba na migongo ya viti, jiko likiwaka zinakauka upesi. Madirisha yanafungwa asubuhi, nafungua baada ya mvua. Chiriku akitoka shule anavua sare mlangoni, na kabla ya kulala anaoga mpaka nywele, kwa sababu nywele ndizo zinazobeba unga mpaka kwenye mto. Dubu yuko kwenye mfuko, wanasalimiana kwa mbali. Tangu tuanze hivi, chafya zimebaki za kuhesabika. Usiku kiganja changu kinapanda na kushuka taratibu, hakuna mkwaruzo.

Na la mwisho. Mwache dada yako aje amchukue. Nimefikiri sana na nimelia vya kutosha, sasa nasema kwa akili zangu. Kiganja kinafanya kazi kikiwa kifuani. Nikiwa jikoni na yeye yuko uani, kiganja kitamsikia vipi? Nguo zake nimeshazifunga. Sitalia mbele yake, hilo nakuahidi. Nitalia akishaondoka, nina nafasi ya kutosha.

Mama yako

*

Tarehe 1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Humu ndani nimekuwekea barua ya Mama, isome kwanza kisha urudi hapa.

Umesoma? Mimi nimeisomea kwenye paa la hoteli, katikati ya kamba. Nilipoimaliza nikainua pindo la shuka iliyokuwa mbele yangu, shuka nyeupe niliyoifua mwenyewe. Pindo lina manjano, dada. Kila siku msimu huu tunazikung'uta kabla ya kuzipiga pasi, na mimi napiga chafya, nasema ni sabuni. Miaka yote hii! Nimeshika shuka mikono yote miwili na bado sikuona.

Nilikuwa namtumia mwanangu maradhi kwa barua. Kwa mwandiko mzuri, na kwa msisitizo. "Kila siku, usingoje." Na Mama akawa anatii, mgongo wake ule, mikono imebabuka, na kadiri alivyotii ndivyo mtoto alivyozidi kukabwa. Halafu alipojua alitaka kunificha ili nisiumie. Nimeketi hapa nimeona aibu mpaka kwenye mifupa.

Sasa sijui niamue nini, na sijiamini tena. Nikisema mtoto abaki, je, Mama asiposikia siku moja? Nikisema atoke, natoa mtoto kwa mtu aliyemshika kifua usiku kucha, na Mama naye namwacha na zile kuta nne. Kila upande nikigeuka naogopa. Nikinyanyua kalamu nimwandikie Mama, machozi yanachafua karatasi, kwa hiyo sijamwandikia.

Nenda Jumamosi kama tulivyopanga. Lala pale, tazama kwa macho yako na usikilize kwa masikio yako, wewe unayo mazima. Wewe ni karani wa mahakama, umezoea kusikia pande zote, na tangu utotoni hujawahi kubembelezwa ukakubali. Ukiona achukuliwe, mchukue, sitauliza swali hata moja. Ukiona abaki, basi abaki. Amua wewe, dada yangu. Mimi nimeshindwa.

Na yale maagizo niliyokutumia, yachome moto.

Mdogo wako

*

Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimerudi peke yangu. Naanza na hilo ili usisome barua yote umeshika moyo mkononi.

Mtoto hajambo. Fundi viatu nimeongea naye, na yeye ndiye atakuwa masikio ya mchana. Ukuta wake na wa Mama ni mmoja. Chiriku akihitaji mtu na Bibi hamwoni, anagonga ukuta kwa kijiko, fundi anakuja. Tumejaribu, amekuja na kiatu mkononi. Tumejaribu tena, amekuja. Mara ya nne akatuomba tumwache afanye kazi. Masikio ya Mama atapimwa mwezi huu, nitampeleka mwenyewe, apende asipende. Hayo ndiyo mambo ya maana. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana nilikwenda pale kumchukua mtoto na nilikuwa nimeshaamua.

Nilifika Jumamosi mchana. Begi la Chiriku liko mlangoni, limefungwa na kamba juu. Mama akanizuia hapo hapo kizingitini, akanivua koti, akaniamuru nikaoge ndio nimguse mtoto, kana kwamba nimetoka kuchimba kisima. Nikaoga. Akataka nioshe na nywele. Nikamwambia nywele hizi nimesukwa juzi tu na sizioshi kwa ajili ya unga wa maua. Nilimwambia kwa ukali, nikimtazama, ili anielewe. Akanielewa. Akaenda zake jikoni, nikamfuata nikiinama chini ya shuka, maana jiko lote limejaa shuka, huwezi kuona sufuria.

Nikafanya jambo moja la kitoto. Nilisimama nyuma yake nikamwita, "Mama." Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti. Hakugeuka. Nikapiga ukelele ambao mahakamani ungenifukuzisha kazi, na yeye anaendelea kumenya viazi, anaimba. Pale pale nikasema moyoni, mtoto haachwi hapa, liwalo na liwe. Chakula kilipoisha nikamwambia Mama uso kwa uso kwamba kesho naondoka naye. Akaitikia kwa kichwa akainuka kuosha vyombo. Chiriku hakusema neno. Chiriku, mdogo wangu! Jioni nzima hakufungua mdomo.

Tukalala chumba kimoja. Mama upande wa ukutani, mtoto katikati, mimi huku. Nilijisogeza karibu kabisa, mto mmoja na mtoto, shavu kwa shavu. Nikamwambia Mama, leo pumzika, mimi nitasikiliza.

Alfajiri niliamshwa na godoro kutikisika. Mama ameketi, Chiriku amempakata, inhela iko mdomoni kwa mtoto, na Mama anamhesabia pumzi kwa vidole vya mkono mwingine, polepole, hana haraka wala hofu. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nimelala kama gogo. Niliinama nikaweka sikio kifuani kwa mtoto, na hapo ndipo nikaisikia filimbi yako, nyembamba, inatoka mbali. Ingenifikia lini hiyo mimi niliyeko usingizini? Na ingekuwa imeshakuwa kubwa kiasi gani?

Kisha Chiriku akainua mkono akagusa nywele zangu, akapiga chafya. Nikakumbuka safari nzima nilikaa dirishani, upepo unanipiga. Nilikuwa nimemlaza mtoto kwenye unga wote wa njiani, mimi niliyekuja kumwokoa. Nilitoka nikaenda kuziosha hizo nywele gizani kwa maji baridi, nalia.

Niliporudi mtoto alikuwa amelala, anapumua kama mtu asiye na deni na dunia. Mama naye amejilaza, amenipa mgongo, mkono wake uko palepale. Begi nikalifungua nguo moja moja nikazirudisha kabatini. Halafu nikaketi ukingoni mwa kitanda nikamuuliza, "Mama, umejuaje?"

Hakunisikia.

Dada yako